Kipimo kijadiliwe kabla ya majina kutoka

(Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya wafanyakazi wa zimamoto na huduma za dharura. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu siku hiyo. Nimeondoa picha za ukutani na mizaha miwili mitatu ambayo ilifaa ukumbini tu.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliostaafu na bado mkakubali kuja kukaa nasi, dada zetu na kaka zetu mliotoka zamu ya usiku macho yakiwa bado mekundu, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupandishwa vyeo. Mada hii haina haja ya utangulizi. Nani hapa hajawahi kusikia, au kusema yeye mwenyewe, kwamba cheo fulani kilikuwa na mwenyewe hata kabla hakijatangazwa? Naona vichwa vinatikisika mpaka viti vya nyuma.

Mimi si mzimamoto. Sijawahi kushika mpira wa maji mbele ya moto. Kazi yangu ilikuwa ya ofisini: kuandika matangazo ya kazi, kukaa kwenye majopo ya usaili, kujumlisha alama. Ninachokijua ni namna watu wanavyogombana baada ya alama kujumlishwa. Na najua mlikuwa mnangoja nitaje majina ya hapa petu. Sitaji. Nitawapeleka mbali, Marekani, kwa sababu mtu husikiliza vizuri zaidi pale ambapo bado hajajua ashike upande gani.

Twendeni New Haven. Ni mji wa bandari katika jimbo la Connecticut, ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Yale. Mwishoni mwa mwaka 2003 kikosi cha zimamoto cha mji ule kilikuwa na nafasi za luteni na za kapteni. Hawa ndio wanaoongoza wenzao ndani ya moshi, na anayeota kuwa mkuu hana budi kupitia ngazi hizo. Nafasi zenyewe hazitokei kila mwaka. Orodha ya waliofaulu ikishapitishwa hutumika miaka 2, na ukiikosa unangoja mwenzako apandishwe, astaafu, au afe.

Watu 118 wakafanya mtihani.

Mji haukufanya mambo kienyeji. Uliajiri kampuni kutoka Illinois kwa dola 100,000. Kampuni ikatuma watu wake wakakaa na maluteni na makapteni, wakawahoji, wakapanda nao magari wakati wa zamu, wakaandika kila kazi inayofanywa na mwenye cheo hicho. Katika kuchagua wa kuhojiwa walihakikisha weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanakuwa wengi kuliko uwiano wao kikosini, makusudi, ili mtihani usiegemee upande mmoja. Mtihani ukawa na sehemu mbili. Ya kwanza maandishi: maswali 100 ya kuchagua jibu, na watahiniwa walipewa orodha ya vitabu na miezi 3 ya kusoma. Ya pili ya mdomo: unaelezwa moto umezuka mahali fulani, una watu kadhaa na gari hili, utafanya nini? Wasahihishaji wa mdomo walikuwa 30, wote kutoka nje ya jimbo ili asiwepo wa kumpendelea shemeji yake, na katika kila jopo la watu 3, wawili walikuwa weusi au Walatino.

Maandishi yalibeba asilimia 60 ya alama, mdomo asilimia 40. Hiyo 60 kwa 40 iwekeni kichwani, tutairudia.

Matokeo yakaja. Kwenye ukapteni walifanya 41: weupe 25, weusi 8, Walatino 8. Wakafaulu weupe 16, weusi 3, Walatino 3. Kwenye uluteni walifanya 77: weupe 43, weusi 19, Walatino 15. Wakafaulu weupe 25, weusi 6, Walatino 3.

Kufaulu peke yake hakukutosha. Sheria ya mji inasema kila nafasi ijazwe na mmoja kati ya watatu walio juu kabisa kwenye orodha. Nafasi za luteni zilikuwa 8, kwa hiyo waliofikiwa ni 10 wa juu, na wote 10 walikuwa weupe. Nafasi za kapteni zilikuwa 7, waliofikiwa ni 9: weupe 7, Walatino 2. Mweusi hakuwemo hata mmoja.

Je, mngekuwa ninyi ndio viongozi wa mji, mngefanyaje?

Msijibu haraka. Kwanza jueni ule mji ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 weusi na Walatino walikuwa asilimia 30 ya wakazi wa New Haven. Kikosini walikuwa asilimia 3.6 tu ya wazimamoto 502. Maofisa wenye cheo walikuwa 107, na mweusi alikuwa mmoja, tena kwenye cheo cha chini kabisa cha uofisa. Ilipofika 2003 weusi na Walatino walikuwa kama asilimia 60 ya mji. Kati ya makapteni 21, mweusi alikuwa mmoja. Mnasikia? Miaka 30 imepita, bado ni mmoja.

Halafu kulikuwa na sheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi kazini. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu yao ikaongeza neno zito: hata mtihani ambao kwa nje unamtendea kila mtu sawa unaweza kuwa wa kibaguzi, ikiwa unachuja kundi moja na mwajiri hawezi kuonyesha kwamba unapima kazi yenyewe. Wakaguzi wa serikali walikuwa na kipimo chao cha haraka. Kiwango cha kufaulu cha kundi moja kikiwa chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi linaloongoza, kengele inalia. Kwenye ukapteni weupe walifaulu asilimia 64, weusi na Walatino asilimia 37.5. Pigeni hesabu, mtaona iko chini ya 60. Kengele ililia kwa nguvu.

Mawakili wa mji wakatetemeka. Wakasema tukiyapitisha matokeo haya weusi watatushtaki. Mtu mwingine akasema tukiyatupa, weupe watatushtaki. Wote wawili walikuwa sahihi.

Bodi ya utumishi ya mji ikaketi mara 5, kuanzia Januari hadi Machi 2004, ikisikiliza watu. Hapa ndipo nataka mtulie kidogo, maana ile bodi ilifanya jambo ambalo sidhani mtaliona popote hapa kwetu. Matokeo yalijulikana kwa rangi, lakini majina hayakutolewa. Wazimamoto waliosimama mbele ya bodi kuutetea mtihani au kuuponda hawakujua wao wenyewe wameshika nafasi ya ngapi.

Mmoja aliyesimama aliitwa Frank Ricci, mzungu. Alisema ana matatizo ya kusoma, herufi humchezea machoni. Kwa hiyo alitoa zaidi ya dola 1,000 kununua vitabu na kumlipa mtu amsomee na kumrekodia kwenye kanda, ili avisikilize. Alijifunza saa 8 hadi 13 kwa siku. Akasema hajui kama amefaulu, ila waliofaulu wapandishwe. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa wa 6 kati ya 77. Nafasi zilikuwa 8.

Wengine walisimama wakasema kinyume. Kwamba baadhi ya maswali hayahusu uzimamoto wa New Haven. Kwamba vitabu ni ghali, vinene, na vilichelewa kufika madukani. Na hoja moja ambayo mimi naiona nzito kuliko zote: mzungu mwenye baba kikosini, na mjomba, na kaka, alikuwa na mtu wa kumuazima kitabu na kumwambia soma hapa, hapa ruka. Weusi na Walatino wengi walikuwa wa kwanza kwao kuvaa sare hiyo. Wangemuuliza nani?

Mwamba ngozi huvutia kwake, lakini siku hizo za New Haven kila mtu aliivuta bila kujua ipi ni yake. Ndiyo maana nayaamini zaidi maneno yaliyosemwa pale kuliko yote yaliyosemwa mahakamani baadaye.

Tarehe 18 Machi 2004 wakapiga kura. Mjumbe mmoja alikuwa amejitoa kwa sababu ndugu yake alikuwa miongoni mwa watahiniwa. Waliobaki wakagawanyika, wawili kwa wawili. Kura zikilingana matokeo hayapitishwi. Basi mtihani wa watu 118 ukaishia hapo. Hakuna aliyepanda, mweupe, mweusi wala Mlatino.

Ricci na wenzake, weupe pamoja na Mlatino mmoja, wakaenda kortini. Mwaka 2006 jaji wa wilaya akasema mji haukukosea, kwa kuwa hakuna aliyepandishwa basi hakuna aliyebaguliwa. Mwaka 2008 jopo la majaji watatu wa rufaa likakubaliana naye kwa maneno machache sana. Mmoja wa wale watatu aliitwa Sonia Sotomayor. Mei 2009 Rais Obama akamteua kwenda Mahakama ya Juu, na ghafla Marekani nzima ikaanza kubishana juu ya uluteni wa New Haven. Ricci aliitwa hadi Seneti akatoe ushahidi akiwa na sare yake. Cheo cha mtu mmoja kikageuka vita vya taifa, na ninyi mnajua jinsi jambo dogo la ofisini linavyobadilika likishaingia siasa. Siasa zilikuwemo tangu mwanzo, kwa kweli. Mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu aliandika kurasa kadhaa kuhusu mchungaji mwenye ushawishi, mshirika wa kisiasa wa meya, aliyekuwa akishinikiza matokeo yatupwe.

Tarehe 29 Juni 2009 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu. Majaji 5 dhidi ya 4. Ricci akashinda.

Sasa sikilizeni sababu, maana wengi walioshangilia na wengi waliolia hawakuisoma. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya wengi, hakusema kwamba mji hauna haki ya kujali nani anaachwa nje. Alisema mwajiri anaruhusiwa kabisa, kabla ya mtihani, kufikiri namna ya kuutengeneza ili watu wa kila kundi wapate nafasi ya haki. Kabla ya mtihani. Lakini ukishautangaza, watu wakasoma, wakatoa pesa zao, wakakaa kwenye madawati, huwezi kuutupa kwa sababu tu ya rangi za walioshinda, mpaka uwe na ushahidi mzito kwamba mtihani wenyewe ulikuwa mbovu kisheria. New Haven hawakuwa na ushahidi huo. Na kwa nini hawakuwa nao? Kampuni ilikuwa tayari kuwaandikia ripoti ya kitaalamu kuonyesha kila swali limetoka wapi na linapima nini. Mji haukuiomba! Ulilipa dola 100,000 na haukuomba ripoti.

Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, na aliandika kwa ukali. Alisema wale weupe wanastahili huruma, lakini cheo hakijawa mali ya mtu mpaka apewe. Akakumbusha ile historia niliyowasimulia, na akauliza kwa nini mji ulishikilia namna ile ile ya kupima ilhali miji mingine ilikuwa na njia bora zaidi.

Mnataka kujua mimi niko upande gani? Nitawaambia bila kuzunguka. Naona Ginsburg alikuwa sahihi juu ya mtihani, na Kennedy alikuwa sahihi juu ya siku. Swali la mji lilikuwa swali zuri. Uliliuliza miezi mitatu baada ya muda wake.

Nimeahidi kurudi kwenye ile 60 kwa 40.

Ilitoka wapi? Ndugu zangu, ilitoka kwa chama cha wafanyakazi. Ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na mji, mkataba wa miongo miwili nyuma. Kampuni ilipoajiriwa iliambiwa tu, hii ndiyo fomula, tengeneza mtihani unaoingia humu. Hakuna aliyekaa akauliza kama kazi ya luteni ni asilimia 60 kusoma na asilimia 40 kutenda. Hakuna.

Na hapa ndipo anaingia Michael Briscoe, mtu ambaye jina lake halikuvuma kama la Ricci. Briscoe ni mweusi. Alifanya mtihani ule ule wa luteni. Kwenye mdomo, yaani ule wa moto umezuka utafanya nini, alipata alama ya juu kuliko watahiniwa wote 77. Wa kwanza! Maandishi yakamshusha. Alama zilipounganishwa kwa ile fomula akawa wa 24.

Hebu fikirini mko ghorofa ya tatu, ngazi imejaa moshi, na luteni wenu ndiye anayeamua mnaingia au mnatoka. Mngemtaka wa kwanza wa maandishi au wa kwanza wa mdomo? Nasikia minong'ono. Mzee wangu pale mbele anasema angewataka wote wawili, na mzee ana haki yake. Lakini kipimo lazima kiseme lipi lina uzito zaidi, na mtu lazima awe amekaa akafikiri kwa nini.

Briscoe naye akashtaki, akisema ile 60 kwa 40 haina msingi, na kwamba kwingine mdomo ndio hupewa uzito mkubwa. Mwaka 2011 korti ya rufaa ikasema kesi yake haizuiwi na hukumu ya Ricci, iendelee. Bridgeport, mji jirani kabisa, walikuwa wamekwisha kuupa mdomo uzito mkubwa zaidi, na maofisa wao wakawa na sura za mji wao. Habari hizi zilitolewa mbele ya bodi ya New Haven mwaka 2004. Zilikuwa za kweli, zilikuwa za maana, na zilikuwa zimechelewa. Kwa nini hazikusemwa mwaka 2002, wakati ambapo kilichotakiwa ni chama na mji kukaa meza moja kufungua kifungu kimoja cha mkataba?

Narudia, maana hili linatuhusu sisi wa vyama moja kwa moja: kipimo kilichozusha vita ile yote kilikuwa kwenye mkataba uliosainiwa na wafanyakazi wenyewe. Ni wangapi hapa mmesoma mkataba wenu wa pamoja, kifungu cha kupanda vyeo? Inueni mikono. Haya, ishusheni, nimeona.

Niingie Birmingham, Alabama, kwa kifupi. Mnaijua Birmingham hata kama hamjui mnaijua. Zile picha za Mei 1963, vijana na watoto weusi wakiangushwa barabarani kwa maji ya mipira ya zimamoto: ni kikosi cha mji ule. Mpira ule ule wa kuokoa watu. Mwaka 1974 weusi wakaupeleka mji mahakamani kwa kuwabagua katika kazi za umma, na mwaka 1981 wakafikia mapatano yaliyoidhinishwa na korti: malengo ya kuajiri weusi kikosini na kuwapandisha vyeo. Haki tupu, mtasema, na kwa historia ile nani atabisha?

Lakini wazimamoto weupe, ambao vyeo vyao ndivyo vilivyokuwa vikigawanywa, hawakuwa sehemu ya mapatano yale. Walipoanza kuona wenzao wanawapita, wakashtaki. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikasema, tena 5 dhidi ya 4, kwamba hawawezi kufungwa na makubaliano ambayo hawakuwa wahusika wake. Mapatano yaliyokuwa na umri wa miaka 8 yakawa wazi kushambuliwa upya. Bunge la Marekani ikabidi litunge sheria mwaka 1991 kuuziba mlango ule. Mimi nahuzunika zaidi na Birmingham kuliko New Haven, kwa sababu waliodhulumiwa walikuwa na haki iliyo wazi kabisa, na bado ikawayumbia kwa sababu ya nani hakuitwa kikaoni.

Na cheo cha mkuu mwenyewe je? Kile cha juu kabisa? Mtu aliniuliza hapo mlangoni. Huko ndiko hakuna mtihani kabisa. Chukueni New York. Vyeo vya katikati unavipata kwa mtihani wa utumishi wa umma na ni vigumu kunyang'anywa. Ukipanda juu ya hapo, unateuliwa na kamishna, ambaye ni raia asiye na sare, aliyeteuliwa na meya. Februari 2023 kamishna Laura Kavanagh, mwanamke wa kwanza kushika kazi ile kwa kudumu, aliwashusha wakuu watatu kwa siku moja, wakarudi kwenye cheo chao cha mtihani. Mkuu wa kikosi, John Hodgens, na mkuu wa operesheni, John Esposito, wakaomba na wao washushwe kwa kuwaunga mkono wenzao. Mnaona ajabu hiyo? Watu wanaomba kushushwa! Baadhi ya wakuu wakaenda kortini wakidai wameonewa kwa umri wao. Kamishna alisema anataka timu ya mabadiliko, wao walisema anaondoa uzoefu. Ilikuwa vigumu kumaliza ubishi ule kwa karatasi, kwa sababu cheo kilichotolewa kwa uteuzi hakina karatasi ya alama ya kuwekwa mezani.

Sasa turudi nyumbani, kwa dakika chache tu, maana naona mwenyekiti anaitazama saa.

Zimamoto kwetu ni kazi ya kaunti, imo kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Anayewaajiri na kuwapandisha ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Na Katiba yetu imejaribu kulijibu swali la New Haven mapema. Ifungueni Ibara ya 232. Inasema kupanda vyeo kuwe kwa ushindani wa haki na kwa sifa. Wengi wetu tunaishia hapo na kupiga makofi. Someni tena: kifungu hicho kinaanza kwa kusema kinategemea vingine viwili vinavyofuata, yaani uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya, na nafasi sawa katika kuajiriwa, kufunzwa na kupanda, katika ngazi zote, kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote, na kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo ikaongeza kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Za kuanzia kazi. Ngazi za juu sheria hiyo haikuzitajia asilimia, na ugomvi wenu wote uko ngazi za juu.

Kwa hiyo kwetu bodi inaruhusiwa, tena inalazimika, kuangalia nani ameachwa nje. Isipofanya hivyo inavunja Katiba. Ikifanya hivyo kimyakimya, baada ya usaili, kwa kupanga majina upya gizani, aliyekuwa wa kwanza ana haki ya kulia. Na dada yetu au kaka wa kabila dogo aliyepandishwa kwa mtindo huo atafanya kazi miaka yote akinyooshewa kidole, hata kama alistahili. Nimewaona watu wa namna hiyo. Wanavunjika moyo kuliko walioachwa.

Nini kifanyike? Nasikia kuna nafasi zitatangazwa mwaka huu. Hazijatangazwa bado, sivyo? Basi wakati wenu ni huu. Iandikieni bodi barua sasa. Ulizeni usaili utakuwa na sehemu ngapi na kila sehemu itabeba alama ngapi. Ulizeni kama kutakuwa na jaribio la vitendo uwanjani, na nani atalisimamia, na kama atatoka nje ya kaunti. Ulizeni miaka ya kazi inahesabiwaje kwa dada aliyekwenda likizo ya uzazi mara tatu. Ulizeni kanuni ya uwakilishi itaingizwa hatua gani, kabla ya alama au baada, na iandikwe ndani ya tangazo ili kila mtu aisome. Na vitabu. Kama kuna vya kusoma, viwekwe kila kituo, Likoni visichelewe kuliko mjini, maana kitabu anachokipata mwenye mjomba peke yake kimeshaharibu mtihani kabla haujafanywa. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa haki ya kujibiwa. Na mkija kutoridhika na uamuzi wa bodi, rufaa inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma, kabla hamjafikiria wakili.

Mawakili wana bei. Baada ya hukumu, Ricci na wenzake 13 walipandishwa mwishoni mwa 2009, miaka 6 baada ya mtihani. Mwaka 2011 mji ukamaliza madai kwa kuwalipa wazimamoto dola milioni 2. Mawakili wao wakapata takriban milioni 3.

Barua hiyo isainiwe na wote, anayekitaka cheo na asiyekitaka, mzee wa karibu kustaafu na kijana wa juzi. Kalamu iko kwa katibu, na karatasi nimekuja nazo.

Mwenyekiti, nimemaliza. Mwenye swali la Ricci au la Briscoe aulize sasa hivi. Mwenye swali la nani atapata ile nafasi ya naibu mkuu, aningoje nje, na nje pia sitamjibu.